Kwa Nini Waajiri Huwafuata Wahandisi wa Waterloo

Kampuni za teknolojia za Kanada na Marekani huwafuata wahandisi wa Chuo Kikuu cha Waterloo, jimboni Ontario, hata kabla hawajahitimu. Sababu ni utaratibu ulioanza na chuo chenyewe mwaka 1957: mwanafunzi wa uhandisi husoma miezi 4, kisha huenda kazini miezi 4 kwa mshahara, halafu hurudi darasani. Anapovaa joho, ana uzoefu wa karibu miaka 2. Ameshafanyia kazi michoro ya wengine, ameshakosolewa na msimamizi, ameshaona mtambo ukigoma akatakiwa kueleza kwa nini. Mwajiri naye anamjua; hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Hapa Tanzania, mafunzo kwa vitendo ni ya wiki chache, na vijana wengi huhangaika kutafuta pa kwenda. Kampuni zinazolalamika kuwa wahitimu hawana uzoefu zina wajibu: zifungue karakana zao, zimlipe kijana walau nauli na chakula, zimkabidhi kazi halisi chini ya mhandisi mzoefu. Anayedai uzoefu kwenye tangazo la ajira ndiye mwenye uwezo wa kuutoa. Autoe.