Wiki ya Kivuli

Hotuba ya msimamizi wa kikundi cha picha katika sherehe ya Uhuru, Reading, Uingereza



Nimepewa dakika kumi, na pilau inanukia kutoka jikoni, kwa hiyo sitawachosha. Nimeombwa niseme machache juu ya picha zilizobandikwa kwenye ule ukuta wa kushoto. Wengi mmeziangalia wakati mnavua makoti, na nimemsikia mtu akiuliza, "Hii ya makaratasi nayo inafanya nini hapa?" Swali hilo nitalijibu, ila nitazunguka kidogo.

Kikundi chetu kilianza Oktoba mwaka jana. Kila Jumatatu jioni mmoja wetu anatoa neno moja la Kiswahili. Neno tu, bila maelezo. Ikifika Jumapili usiku kila nyumba inaleta picha moja, kwa simu au kamera yoyote. Watoto wakadai sharti moja zaidi: picha ipigwe wiki hiyohiyo. Huruhusiwi kufukua albamu ya harusi yako ili utushinde.

Neno la kwanza lilikuwa Mwenge, maana Uhuru ulikuwa unakaribia. Wazee mnakumbuka kuliko mimi jinsi Luteni Alexander Nyirenda alivyouweka mwenge juu ya Kilimanjaro mwaka 1961. Nilitegemea mishumaa, na kweli mishumaa ililetwa, mingi. Lakini baba mmoja alileta picha ya taa ya kwenye kofia yake ya kazi, kwa sababu anatengeneza reli usiku. Na mtoto wa miaka 7 alipiga picha ya kile kitaa chekundu cha televisheni, akasema hicho hakizimiki hata baba akilala. Tukacheka. Ikaja Chumvi, ukaja Mlango. Kila mtu alipiga mlango wake, isipokuwa mama mmoja aliyepiga mlango wa jirani ambaye kwa miaka minne hajawahi kumfungulia.

Mwishoni mwa Novemba neno likawa Kivuli.

Watoto wetu wanafikiri kwanza kwa Kiingereza, tusidanganyane. Kwao kivuli ni kile kitu cheusi kinachokufuata. Wakatoka nje siku yenye jua, na huku mwezi huo jua halipandi juu, linatambaa tu. Saa sita mchana kivuli cha mtu kinafika kama mara tatu ya urefu wake. Siku hiyohiyo Dar es Salaam, saa sita, kivuli chako hakifiki hata theluthi ya urefu wako, unakikanyaga. Kijana mmoja alisimama katikati ya kiwanja cha mpira akapiga kivuli chake kilivyonyooka kuelekea golini. Binti mwingine alipiga kivuli chake na cha bibi yake vikiwa vimeshikana, na huwezi kujua nani anaishia wapi.

Kwa wazee kivuli ni mahali. Hakikufuati, wewe ndiye unayekifuata, unatandika mkeka, unaletewa kahawa, bao linachezwa. Mama mmoja alinipigia simu akilalamika: "Mwanangu, huku jua lenyewe tunaliomba, hicho kivuli nikitafute wapi?" Jumapili akaleta picha ya kituo cha basi alfajiri, mvua inanyesha, wanawake watatu wa kazi ya usafi wamebanana chini ya kipaa kile cha plastiki. Akasema, "Hiki ndicho kivuli chetu."

Ndipo ikaja picha ya makaratasi. Baba mmoja alitandaza juu ya kitanda fotokopi za cheti cha kuzaliwa, pasipoti, hati za mshahara na barua, akazipiga chini ya taa ya chumbani. Mwanawe wa miaka 15 akashangaa, "Baba, hizi si vivuli, hizi ni kopi." Lakini ninyi mliosoma kwetu mnajua. Ukiomba kazi unaambiwa uambatanishe vivuli vya vyeti. Neno lilikuwa sahihi kabisa.

Mimi nikaikataa. Niliikataa kwa upole, lakini niliikataa. Nilimwambia mwanga ni mbaya, hakuna mtu ndani yake, alete nyingine. Nilijifunza kupiga picha katika studio ya Kariakoo, na studio zina sheria zake. Tangu zama za akina Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio kule Zanzibar mwaka 1930, mwenye studio ndiye anayepanga mwanga, ndiye anayekuambia inua kidevu, geuza bega. Picha nzuri ni uso unaoonekana. Hayo ndiyo niliyoyajua, na sikujiuliza kama yanafaa kwa jambo tunalolifanya sisi.

Hakubishana. Alisema tu, "Sawa, kaka." Hakuleta nyingine. Wiki iliyofuata hakuleta kitu, na iliyofuata vilevile. Mwaka mpya ukaingia, nikamkuta mwanawe nje ya duka, nikamuuliza mzee vipi. Kijana akanijibu bila kuniangalia: "Anko, bibi alipofariki pasipoti ya baba ilikuwa kule ilikopelekwa na maombi yake. Yeye alikuwa na kopi tu. Hakuweza kwenda. Aliangalia mazishi kwenye simu."

Nilikaa na maneno hayo siku mbili, kisha nikaenda kwake. Mke wake akachemsha chai ya tangawizi. Nikamwomba radhi mbele ya watoto wake, kwa sababu na wao walijua nilivyomrudisha. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani amekataa. Halafu akauliza kama ile picha bado inatakiwa. Nikamwambia inatakiwa.

Akaipiga upya, maana majina na namba zisingeweza kubandikwa ukumbini kila mtu azisome. Zile sarafu mnazoziona juu ya karatasi, mama aliyeuliza, ni shilingi zetu, zile zilizobaki mfukoni siku aliyotua Heathrow. Amefunika kila namba kwa sarafu. Palipokosa sarafu, ameweka kidole chake. Mwanga bado ni mbaya, na mimi bado nasema ni mbaya, na yeye ananicheka.

Baadhi ya wenzangu kwenye kamati hawakupenda. Walisema siku ya Uhuru watu wanataka bendera na watoto waliovaa kanga, si barua za maombi. Bendera zipo, nendeni mkazione, kuna moja imeanikwa kwenye kamba pamoja na sare za hospitali. Na hii nayo ipo. Tumekubaliana jambo moja tu jipya: picha ikishaletwa hairudishwi. Unaweza kuipinga, unaweza kumuuliza mwenyewe, lakini inabandikwa.

Karatasi ya kujiandikisha iko pale mlangoni. Andika jina la nyumba yako na namba ya simu. Neno la Jumatatu hii ni Deni, na tafadhali msinipigie kuniuliza maana yake. Naona sinia zimeanza kutoka jikoni.