Desemba 12, 1963: Namba Moja ya London na Bembelezi ya Mto Tana



Desemba 12, 1963 iliangukia Alhamisi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, katika uwanja ambao sasa unaitwa Uhuru Gardens jijini Nairobi, bendera ya Uingereza ilishushwa, ya Kenya ikapandishwa, na wimbo mpya wa taifa ukapigwa. Alhamisi hiyo hiyo jarida la Record Retailer la London lilikuwa na orodha yake ya wiki ya nyimbo zinazouzwa zaidi Uingereza. Kileleni palikuwa na wimbo mpya wa vijana wanne wa Liverpool, The Beatles: "I Want to Hold Your Hand". Ulikaa hapo wiki tano.

Nyimbo mbili, siku moja. Ule wa London ulitoka katika studio ya kampuni ya EMI. Wa Nairobi asili yake ni hapa ukingoni mwa Mto Tana, katika vinywa vya kina mama wa Kipokomo waliokuwa wakibembeleza watoto.

Mwaka 1963 huhesabiwa na wapenzi wa muziki kuwa mwaka mkubwa wa nyimbo za Kiingereza, na vitabu vilivyoandikwa juu yake vinajaza kabati. Mhadhara huu unausoma mwaka huo kutoka ukingo wa mto. Hoja yake ni moja: orodha ya nyimbo zinazopendwa hupima kilichouzwa, kwa hiyo haiuoni wimbo usio na bei. Bembelezi ya Tana ilikuwa wimbo usio na bei.

Namba moja ilipatikanaje?

Watu huisikia "namba moja" kana kwamba ni matokeo ya uchaguzi wa nchi nzima. Sivyo. Record Retailer ilipoanza orodha yake mwaka 1960 ilitegemea taarifa za maduka yapatayo 30 ya sahani za santuri. Majarida mengine, New Musical Express na Melody Maker, nayo yalikuwa na maduka yao na hesabu zao. Mapema mwaka 1963 hesabu hizo ziligongana. "Please Please Me" ya The Beatles ilifika namba moja katika New Musical Express na katika Melody Maker, lakini katika Record Retailer iliishia namba mbili. Kwa kuwa baadaye orodha ya Record Retailer ndiyo iliyokubaliwa kuwa rasmi, wimbo huo haumo katika daftari la namba moja za Uingereza mpaka leo, ingawa vijana wengi wa wakati ule waliusikia ukitangazwa kuwa wa kwanza.

Marekani jarida la Billboard lilichanganya mauzo na idadi ya mara wimbo unapopigwa redioni. Kipimo kingine, majibu mengine.

Hapa Tana hakuna duka la Garsen, Hola wala Ngao lililoulizwa kitu, na hapakuwa na sababu ya kuliuliza. Santuri inahitaji gramafoni, na gramafoni inahitaji fedha. Watu wa Tana ya chini walikuwa wametoka tu kwenye mafuriko makubwa ya 1961, mashamba ya mpunga na migomba yamesombwa. Redio ya betri ilikuwa mali ya wachache: mwalimu, mwenye duka, karani wa serikali. Muziki wenyewe haukukosekana. Wapokomo walicheza ngoma yao ya mwaribe, wafugaji wa Kiorma walikuwa na nyimbo zao za ng'ombe na za visimani, na makanisa ya Ngao na Golbanti yalikuwa yakiimba tenzi zenye sauti za Ulaya tangu wamishonari walipofika miaka ya 1880. Yote hayo hayakuuzwa dukani, kwa hiyo hayakuhesabiwa.

Mwaka wenyewe

Mwaka ule ulikuwa na vituko. Februari 11 The Beatles waliingia studio asubuhi na kutoka usiku wakiwa wamerekodi nyimbo kumi kati ya kumi na nne za albamu yao ya kwanza. Agosti 23 ikatoka "She Loves You", ikauzwa Uingereza kuliko wimbo mwingine wowote wa mwaka huo, na hatimaye kuliko wimbo wowote wa mwongo huo mzima. Vijana wengine wa Liverpool, Gerry and the Pacemakers, walitoa santuri tatu za mwanzo na zote tatu zikafika namba moja.

Ile ya tatu inajulikana vizuri hapa Garsen, hata na vijana wasiojua jina la aliyeiimba. Ni "You'll Never Walk Alone", iliyoshika namba moja kuanzia mwisho wa Oktoba 1963. Haikuwa mpya: Richard Rodgers na Oscar Hammerstein waliitunga kwa ajili ya mchezo wa jukwaani uitwao Carousel, mwaka 1945. Mashabiki wa Liverpool waliisikia ikipigwa uwanjani Anfield, wakaishika, wakaendelea kuiimba ilipotoka kwenye orodha. Leo, Liverpool ikicheza, kijana wa Minjila aliyekaa kwenye benchi ndani ya banda la video naye anauimba, maneno mengine akiyameza. Zaidi ya miaka 60 imepita. Kilichouhifadhi wimbo huu ni koo za watu waliosimama pamoja. Mauzo ya wiki nne za mwaka 1963 yalikuwa mwanzo tu.

Tena, mwaka huo unaoitwa wa nyimbo za Kiingereza haukuwa wa Kiingereza kitupu. Siku Kenya inapata uhuru, namba moja ya Marekani ilikuwa "Dominique", wimbo wa Kifaransa ulioimbwa na mtawa wa Ubelgiji, Jeanine Deckers. Mwezi Juni wa mwaka huo huo, kwa wiki tatu, Wamarekani walikuwa wameuweka kileleni wimbo wa Kijapani wa Kyu Sakamoto, ambao wafanyabiashara wa Magharibi waliuita "Sukiyaki", jina la chakula cha nyama kisichotajwa popote ndani ya wimbo. Na mwezi Mei namba moja ilikuwa "If You Wanna Be Happy" ya Jimmy Soul, ambayo mzizi wake ni kalipso ya Roaring Lion wa Trinidad.

Kwa hiyo asiyejua Kiingereza aliyeimba wimbo wa Kiingereza hakuwa na la kuonea haya. Mmarekani naye alikuwa akiimba Kijapani bila kukielewa.

Njia ya kwenda na kurudi

Muziki huo uliifikia Afrika Mashariki kwa haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 studio ya Equator Sound ya Nairobi ilikuwa na bendi iliyopiga twist, mtindo uliotoka Marekani, kwa maneno ya Kiswahili. Humo walipita Fadhili William, mwana wa Taita aliyerekodi "Malaika", na Daudi Kabaka, aliyeitwa mfalme wa twist. Redioni Wakenya wengi walimpenda Jim Reeves, Mmarekani wa sauti ya taratibu, na wengi wanampenda hadi sasa. Orodha ya Uingereza ilimpa namba moja mwaka 1966, kwa "Distant Drums", miaka miwili baada ya kufa katika ajali ya ndege. Kenya haikuisubiri orodha hiyo.

Kisha kuna mkasa unaofaa kufundishwa shuleni. Oktoba 1963 kundi la Brian Poole and the Tremeloes lilishika namba moja Uingereza kwa "Do You Love Me". Hao ndio waliopewa mkataba na kampuni ya Decca mwaka mmoja kabla, Decca ilipowakataa The Beatles. Miaka mitano baadaye, Brian Poole akiwa ameshaondoka, The Tremeloes waliutafuta wimbo wa kuwapandisha tena. Waliupata Nairobi. Walirekodi "Helule Helule", wimbo wa Daudi Kabaka, nao ukafika namba 14 katika orodha ya Uingereza mwaka 1968. Kabaka alikuwa na santuri, lebo na jina lililochapishwa, kwa hiyo inawezekana leo kusema wimbo ulikuwa wa nani.

Solomon Linda wa Afrika Kusini hakubahatika hivyo. Alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939. Wimbo ulivuka bahari, ukabadilishwa maneno, na Desemba 1961 kundi la The Tokens likaufikisha namba moja Marekani kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight". Linda alikufa maskini mwaka 1962. Binti zake walipata makubaliano ya malipo mwaka 2006, baada ya kesi.

Bembelezi inapovaa gwanda

Uhuru ulipokaribia, Kenya ilihitaji wimbo wa taifa. Majirani walikuwa wamepita njia tofauti. Tanganyika mwaka 1961 ilichukua sauti ya Enoch Sontonga, wimbo wa dini uliotungwa Afrika Kusini mwaka 1897. Uganda mwaka 1962 ilipata wimbo uliotungwa na George Kakoma. Kenya iliunda kamati ya watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Mchungaji Thomas Kalume wa Pwani. Walichagua sauti ya bembelezi ya Wapokomo ijulikanayo kama "Bee Mdondo Bee". Mtu anayetajwa kuwa ndiye aliyewapa sauti hiyo ni Mzee Meza Moroa Galana wa Tana River.

Inafaa kutazama kwa karibu kazi waliyoifanya. Bembelezi huimbwa na mtu mmoja, bila ala, kwa mwendo wa mkono unaompigapiga mtoto mgongoni. Haina urefu maalumu. Mtoto akikataa kulala inarudiwa, akilala inakatwa katikati na mama anarudi kwenye kazi zake. Sauti hupanda kidogo tu na kushuka kidogo, kwa kuwa ikipanda sana itamwamsha yule inayemlaza. Wimbo wa taifa unadai kinyume cha hayo yote. Lazima uwe na mwanzo na mwisho, uimbwe na umati kwa sauti nne, upigwe na tarumbeta za jeshi, uwafanye watu wasimame wima. Kamati iliipa bembelezi maneno ya sala, beti tatu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ikaipangia sauti za kwaya na bendi. Lakini huzuni laini ya sauti yenyewe haikuifuta. Ndiyo maana wimbo wa Kenya, hata ukipigwa na bendi kubwa ya jeshi, hausikiki kama wimbo wa kwenda vitani.

Tangu usiku ule umeimbwa kwenye paredi za shule, kwenye sherehe za kitaifa na kila Mkenya anapopanda jukwaa la medali ya dhahabu ya Olimpiki, kuanzia Naftali Temu huko Mexico mwaka 1968. Hakuna santuri ya 1963 inayoweza kulingana nao nchini Kenya kwa idadi ya watu waliouimba kwa kinywa chao wenyewe. Hata hivyo ukitafuta "nyimbo kubwa za 1963" katika kitabu chochote cha muziki wa dunia, hutaukuta.

Deni

Wimbo usio na bei una hatari nyingine: mtu mwingine anaweza kuupachika bei. Mwaka 2018 kampuni moja ya muziki ya Uingereza ilidai haki juu ya wimbo wa taifa wa Kenya uliotumiwa katika video ya vijana wa Kenya kwenye YouTube, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ikalazimika kuingilia. Wakenya wengi walikasirika mtandaoni kwamba Mwingereza anadai wimbo "wetu". Ni wachache waliouliza ulikuwa wa nani kabla haujawa wetu sote.

Sheria ya kujibu swali hilo ipo. Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 inalitaka Bunge kutunga sheria ya kuhakikisha jamii zinapata fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni na urithi wao. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria Na. 33, inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, na sheria hiyo imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kuweka daftari la urithi huo. Mwenye wajibu, basi, hayuko London wala Nairobi peke yake. Yuko Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River.

Kuna watakaosema wimbo wa taifa ni wa kila mtu na haudaiwi mrabaha. Hoja hiyo ina uzito. Hakuna Mpokomo anayetaka mtoto wa Kisumu alipie kuimba paredini. Lakini mrabaha si njia pekee ya kulipa deni. Jina ni malipo. Kumbukumbu ni malipo. Mtaala unaomfundisha mtoto wa Garsen, na wa Kericho pia, kwamba sauti anayoiimba ilianzia mgongoni mwa mtoto wa Tana, ni malipo, na hauigharimu hazina ya serikali kitu kikubwa.

Basi wito wa mhadhara huu ni wa kazi tatu. Serikali ya Kaunti ya Tana River ifungue daftari linalotakiwa na sheria, na "Bee Mdondo Bee" iwe ya kwanza kuandikwa humo, pamoja na jina la Mzee Meza Moroa Galana na maelezo ya wazee wa Gasa, baraza la jadi la Wapokomo. Vyuo vikuu vyenye idara za muziki vitume wanafunzi wake Wema, Hewani, Kulesa, Ngao na Kipini, wairekodi bembelezi hiyo kwa kina mama wanaoikumbuka, pamoja na mwaribe na nyimbo za Waorma, na nakala za rekodi zibaki hapa kaunti badala ya kufungiwa Nairobi. Na walimu wa Garsen waanze Jumatatu ijayo: kabla bendera haijapandishwa, wawaambie watoto wimbo huo umetoka wapi.