Chupa ya Sokoni na Huzuni ya Moyo: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Mwaka, Merigi



Halmashauri imetuagiza, sisi tunaoshika vitabu vya chama, tuseme nanyi juu ya jambo lililoingia katika hesabu zetu za mwaka huu bila kubisha hodi. Mkifungua ukurasa wa matumizi mtaona kwamba fungu la msaada wa wagonjwa limelipa, mara baada ya mara, fedha za chupa za vidonge vya vitamini. Chupa hizo hazikununuliwa kwa wenye vidonda wala kwa wenye homa. Barua za maombi, ambazo hupita mikononi mwetu kabla ya kufika kwa wakubwa, zasema karibu maneno mamoja: hapati usingizi, moyo wamwenda mbio, analia na hana la kulilia, ameichoka dunia. Na muuzaji, ajaye siku ya soko na kipaza sauti, amekwisha kumwambia kila mmoja kwamba dawa ya hayo yote imo katika chupa moja.

Sasa limeletwa pendekezo kwamba chama kinunue chupa hizo kwa jumla, kila nyumba ipate yake. Kabla hamjainua mikono twaomba mtusikilize. Sisi si madaktari. Tulisoma shule ya misheni na kazi yetu ni kalamu. Lakini tumewauliza wajuao, tumesoma tulichoweza kukisoma, na tumeona mambo mawili mwaka huu ambayo hayatuachi kulala.

La kwanza ni la mama mmoja wa chama hiki, mchuna majani chai. Kwa miezi mingi alikuwa akiketi mara tatu njiani kati ya shamba na kituo cha kupimia majani. Usiku moyo ulimpiga kama mtu aliyefukuzwa, na mchana alilia mbele ya watoto. Wengine walisema bado anamwomboleza mama yake. Wengine walisema maneno ambayo hatuyarudii hapa. Alimaliza chupa mbili za sokoni. Mwishowe binti yake alimpeleka hospitali, akatolewa damu, ikaonekana kwamba damu yenyewe imepungua mno. Alikuwa akipoteza nyingi kila mwezi, naye alinyamaza kwa haya. Alitibiwa, akapewa vidonge vya madini ya chuma kwa miezi kadhaa, na leo ameketi humu ndani. Ametupa ruhusa kusema habari zake, ila si jina lake.

La pili ni la mzee mmoja aliyefiwa na mwanawe huku deni la mkopo likimngoja mlangoni. Huyu hospitali ilimpa dawa za huzuni, na mshauri wa kuzungumza naye. Muuzaji akamwambia kwamba dawa zile zitamharibu, vitamini zatosha. Akaziacha. Akanywa vitamini, tena kwa fedha za chama, maana sahihi iliyo chini ya hati ile ya malipo ni yetu wenyewe. Hakupungukiwa na vitamini hata kidogo. Nusura tumpoteze, na aliyemwokoa ni jirani aliyesikia ng'ombe wakilia bila kukamuliwa akaenda kutazama. Twalisema jambo hili mbele yenu kwa kuwa fedha zile zilikuwa zenu.

Basi watu wawili, dalili karibu moja, na chupa ile ile haikumfaa hata mmoja. Ndiyo sababu tuliona yapasa tujue ni lini upungufu wa chakula huleta huzuni, na ni lini hauhusiki.

Kwamba chakula chaweza kugeuza akili si uzushi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika majimbo ya kusini ya Marekani, nyumba za wenye wazimu zilijaa watu waliougua pelagra. Ngozi zao zilibabuka, walihara, walijawa na huzuni na hofu, kisha walirukwa na akili. Madaktari wengi walidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Mwaka 1914 serikali ilimtuma Daktari Joseph Goldberger, naye akaona kwamba waangalizi waliokaa na wagonjwa mchana na usiku hawakuugua hata kidogo. Tofauti ilikuwa sahani. Maskini walikula mahindi na mafuta ya nguruwe, wakakosa maziwa, nyama na mayai. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alikitambua kilichokosekana, vitamini iitwayo niasini. Wala si habari ya zamani na ya mbali tu: mwaka 1990, nchini Malawi, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliugua pelagra baada ya karanga kukosekana katika posho yao, wakabaki na mahindi. Wenyeji wa Mexico, walioyalima mahindi kabla ya watu wote, huyachemsha kwa maji ya chokaa, na chokaa huifungua niasini iliyofungwa ndani ya punje. Mahindi yalisafiri yakafika kwetu, ile habari ya chokaa ikaachwa nyuma.

Sisi wa Merigi hatusemi kwamba twaugua pelagra. Mwenye maziwa na maharagwe hana haja ya kuiogopa. Yetu ni mengine.

Iko vitamini iitwayo B12, ambayo haimo katika mboga wala nafaka. Imo katika nyama, maini, samaki, mayai na maziwa. Ikipungua kwa muda mrefu damu huharibika, nyayo hufa ganzi, kumbukumbu hupotea, na mtu huweza kuingia katika huzuni nzito isiyoondoka, ile ambayo vitabu vya siku hizi huiita sonona. Wazee wetu walikunywa mursik kutoka kibuyu kilichosafishwa kwa makaa ya senetwet, na B12 waliipata humo bila kuijua jina. Leo nyumba nyingi hupeleka maziwa yote kwa mnunuzi asubuhi, na babu aliyefuga ng'ombe hao hunywa chai ya rangi. Tena tumbo la mtu mzee huichukua B12 kwa shida. Na wenye kisukari watumiao metformini kwa miaka mingi wajue kwamba dawa hiyo yaweza kuipunguza. Wasiiache, bali wamwombe daktari awapime. Liko na jambo la hatari ambalo muuzaji hakulitaja: mtu mwenye upungufu wa B12 akinywa foleti peke yake, damu yaweza kuonekana imepona huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika chinichini.

Sasa tuje kwenye chuma, na hapa twaomba msitukasirikie, maana itatubidi tuitaje chai.

Chai ndiyo iliyotusomesha. Bonasi yake ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Hatuitukani. Lakini majani yale yana kitu kiitwacho tanini, ndicho kinachoukausha ulimi ukinywa chai kali. Tanini ikikutana tumboni na chuma cha mboga, maharagwe au wimbi, hukishika kisiingie katika damu. Chuma cha nyama hakidhuriki sana, lakini ni nyumba ngapi humu zinazokula nyama kila siku? Tena maziwa, pamoja na sifa zake zote, yana chuma kidogo sana. Basi tazameni meza zetu: ugali, sukuma wiki iliyochemshwa mpaka ikapoteza rangi, na kikombe kikubwa cha chai ya maziwa kando yake. Nyumba ya namna hiyo yaweza kushiba kila siku, na mama mwenye kunyonyesha au mwenye damu nyingi ya mwezi akapungukiwa huku sahani imejaa. Mtu aliyepungukiwa na chuma huchoka, moyo humwenda mbio, hukosa pumzi mlimani, hukasirika upesi, naye aweza kusadiki kwamba ana wasiwasi wa rohoni.

Dawa ya hili haina gharama. Chai na inyweke, ila isubiri saa moja au mbili baada ya chakula. Isagek na isoiyek, yaani saget na managu, zirudi mashambani, zisipikwe kupita kiasi, na limau, nyanya au pera viliwe pamoja nazo, kwa kuwa vitamini C hukifungulia chuma njia. Maharagwe yana chuma na foleti pia. Mama mjamzito achukue vidonge vya chuma na foleti vitolewavyo kliniki, wala asiviweke rafu ya chini, maana vidonge vya chuma vyaweza kumwua mtoto mdogo.

Liko pia jambo la unga. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi unaouzwa katika paketi utiwe vitamini na madini, zikiwamo B12, foleti, niasini na chuma. Unga wetu wa kinu cha posho hautiwi kitu. Hatusemi muache kinu; twasema anayekula wa kinu akumbuke mboga na maharagwe zaidi. Na chumvi iwe ile yenye madini joto, kwani tezi ya shingo ikiyakosa mtu huzubaa, huhisi baridi na kunyong'onyea, akadhaniwa ana sonona.

Hayo ni ya waliopungukiwa. Je, asiyepungukiwa, vidonge vyamfaa? Hapa tulitafuta kwa bidii, kwa sababu tulitamani jibu liwe ndiyo. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa Ulaya katika nchi nne. Watu 1,025 wenye unene wa kupita kiasi na dalili kidogo za huzuni waligawanywa: wengine walipewa vidonge vya vitamini D, foleti, madini na mafuta ya samaki kwa mwaka mzima, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa. Sonona haikuzuiwa na vile vya kweli. Mwaka 2020 yakatoka ya Marekani: watu 18,353 wenye miaka 50 na zaidi, vitamini D kwa miaka mitano na ushei, na matokeo yakawa yale yale. Vitamini D, kwa kuwa tumeitaja, sisi tunaokaa karibu na Ikweta huipata ngozini kwa jua, mawingu ya Merigi yakituruhusu.

Haki yataka tuseme na la upande wa pili. Mwaka 2022 chuo kikuu cha Reading, Uingereza, kilieleza kwamba vijana waliopewa B6 nyingi kila siku kwa muda wa mwezi hivi walisema wasiwasi wao umepungua kidogo. Lakini B6 nyingi ikitumiwa kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, nasi twategemea miguu katika milima hii. Na huko Australia, mwaka 2017, wagonjwa 67 wa sonona waligawanywa: kundi moja likafundishwa kula vizuri, mboga, kunde, samaki na matunda, kundi la pili likapewa mtu wa kuzungumza nalo. Baada ya wiki 12, karibu theluthi ya kundi la chakula walikuwa wamepata nafuu kamili, na chini ya mmoja katika kumi wa kundi la pili. Wagonjwa hao ni wachache, na wengi wao walikuwa wakiendelea na matibabu yao mengine. Hata hivyo twaona ajabu kwamba habari njema iliyo kubwa kuliko zote tulizozikuta ilitoka jikoni.

Na huzuni isiyotoka jikoni ipo. Mwaka 2011 maradhi ya mahindi yaliyoonekana kwanza nchini Kenya upande huu wa Longisa yalipokausha mashamba, watu hawakulala, na hapana kidonge ambacho kingewalaza. Pombe kali nayo huvunja usingizi na huteketeza vitamini za mwili, B1 na foleti, kisha mnywaji hununua chupa ya vitamini. Mfiwa, mwenye deni, mama aliyejifungua akakosa raha na mtoto wake, hao watafutiwe mtu wa kuwasikiliza na wapelekwe kwa daktari. Dawa waliyopewa hospitalini wasiiache kwa neno la sokoni. Mtu akisema afadhali afe, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, apelekwe hospitali siku ile ile. Wala jamaa wasimfiche kwa kuogopa polisi: mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, hakipatani na Katiba.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba pendekezo la chupa liondolewe, na mahali pake pawekwe hili: fungu la wagonjwa lilipe nauli na kipimo cha damu, Longisa au Tenwek, kwa mwanachama yeyote aliyekosa usingizi au furaha kwa zaidi ya wiki mbili; atakayeonekana ana upungufu alipiwe dawa iliyoandikwa na daktari; na asiye na upungufu alipiwe nauli ya kumrudia mshauri mpaka atakapopona. Wazee wawili wa kila kijiji waitikie kuwatembelea. Kina mama wamekwisha kukusanya mbegu za saget na managu, nazo ziko mlangoni katika bahasha.

Mwenye chupa nyumbani asiitupe, ailete kwetu tuisome karatasi yake pamoja, kwa kuwa nyingine tulizoziona hazionyeshi hata kipimo cha kilichomo. Mwenye haya ya kusema mbele za watu aandike barua. Sisi twazifungua wenyewe na hatuzisomi kwa sauti.

Kura itapigwa alasiri. Chakula kiko tayari, na chai, kwa idhini ya Bwana Mwenyekiti, tumeagiza iletwe saa moja baadaye.