Ugonjwa Ukimrudia Mtoto



Leo tunataka kusema na mzazi ambaye mtoto wake alitibiwa uvimbe, akapata nafuu, akarudi shule, kisha ugonjwa ukamrudia, safari hii kichwani. Daktari amemwambia kwamba dawa za kawaida zimeshindwa, na kwamba ziko nyingine wanazojaribu kuzichanganya. Mbele yake iko karatasi ya kutia sahihi. Huku nyumbani shangazi anasema mtoto anataka kufanywa panya wa majaribio, na jirani ananong'ona habari za uchawi. Sisi tuliokaa na wazazi wa namna hiyo tunajua usiku ule ulivyo mrefu.

Jambo hili si geni katika nchi zetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dkt. Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Burkitt, mtu wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, na Mkristo wa maombi, hakumsahau mtoto yule. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wamisionari walisafiri kwa gari kama maili 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali, hata Afrika ya Kusini. Waliona kwamba hupatikana zaidi penye joto na mvua, na hupungua nyanda za juu zenye baridi. Kwa hiyo watu wa kando ya Ziwa wanaujua kuliko sisi wa vilimani, ingawa vilima havina ukuta.

Kupasua hakukuponya. Dawa moja iliweza kuyeyusha uvimbe kwa siku chache hata watu wakastaajabu, lakini kwa watoto wengi ulirudi, mara nyingi katika ubongo na maji ya uti wa mgongo, mahali ambapo dawa ya mshipa haifiki vizuri. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kuutibu. Hapo John Ziegler, na baadaye Charles Olweny, Mganda, walilinganisha dawa moja na dawa kadhaa kwa pamoja, na nyingine ikatiwa kwa sindano mgongoni. Hawakuwa na hakika. Ndiyo maana walijaribu. Watoto wa Uganda, ambao majina yao hatuyajui, walilipia maarifa hayo kwa miili yao.

Uvimbe unaoanzia katika ubongo wenyewe ni ugonjwa mwingine, na ukirudi ni mgumu zaidi. Majaribio yanaendelea ulimwenguni, na mengi hayakuleta kilichotumainiwa. Tusidanganyane.

Marko anasimulia watu wanne waliombeba mwenye kupooza, wakatoboa paa. Mmoja peke yake asingeweza kumteremsha. Wala hatusomi kwamba mtu aliwaambia kumbeba ni kukosa imani.

Basi, mzazi, uliza. Dawa hizi zimekwisha kupewa watoto wangapi? Zinaweza kumdhuru vipi? Nani atalipa vipimo na nauli? Tukikataa, atatibiwaje? Una haki ya kukataa, hata ya kumtoa mtoto katikati ya majaribio, bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Karatasi isomwe kwa lugha unayoielewa. Kama ni Ekegusii, iwe Ekegusii. Na mtoto mwenye umri wa kuelewa aulizwe naye. Mzazi mwingine atasema hapana, amrudishe mwanawe nyumbani apewe dawa ya maumivu, alale karibu na nyanya yake. Huyo asihukumiwe kanisani.

Na sisi washirika tuna lawama yetu. Tumekuwa wepesi wa kuombea na wazito wa kutoa nauli ya Kisumu, Eldoret au Nairobi. Mama yule ana ng'ombe mmoja, majani ya chai ya mwezi huu, na watoto wengine watatu. Leo, kabla ibada haijafungwa, wazee wa kanisa waulize ni nani atakayechuma chai yake Jumanne, na ni nani atakayelala na wale watoto mpaka arudi.