Asiyekuwepo na lake halipo: Kwale na sheria zinazotungwa Nairobi

1/ Haya ni maneno niliyosema barazani Msambweni; nayaweka hapa kwa ambao hawakufika. Simtaji mwanasiasa wala chama.

2/ Kila msimu wa kampeni twasikia: "Nipeni kura niwaletee pesa za madini." Hebu tulitazame neno hilo polepole. Kwa Katiba, madini yako mikononi mwa serikali kuu kwa niaba ya wananchi. Bunge la kaunti pale Kwale haliwezi kutunga sheria ya kugawa mrabaha wa titani. Hiyo hutungwa Nairobi.

3/ Na ilitungwa. Sheria ya Madini ya 2016 yagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale panapochimbwa. Meli ya kwanza ya mchanga wetu iling'oa nanga Likoni 2014. Uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Miaka yote hiyo, tangu sheria ipite, swali mitaani lilikuwa lile lile: asilimia 10 yetu iko wapi?

4/ Asilimia iliyoandikwa haijilipi yenyewe. Lazima ijulikane "jamii" ni akina nani, pesa zipitie akaunti gani, na nani aweke sahihi. Mambo hayo huamuliwa kwenye kanuni, na kanuni huandikwa wizarani, bila ngoma wala lori la kampeni. Hapo ndipo kaunti yatakiwa iwe macho.

5/ Sasa, kaunti hufuatilia vipi? Mswada ukishachapishwa na kusomwa bungeni mara ya kwanza, kamati hutangaza kupokea maoni, na siku huwa chache. Wakili wa kaunti ausome, watu wa fedha na ardhi wauchambue, maoni yaandikwe na yafike kabla mlango haujafungwa. Magavana 47 pia wana Baraza lao la kusema kwa sauti moja.

6/ Halafu kuna Seneti. Kwa mambo yanayogusa kaunti, kila kaunti ina kura moja. Nairobi moja, Kwale moja. Hapo hakuna mkubwa wala mdogo.

7/ Mzee mmoja ataniambia: "Mwanangu, wakubwa wameshaamua, maoni yetu ni ya kutimiza ada tu." Pengine, mzee wangu. Lakini maoni yaliyoandikwa na kupokelewa ni ushahidi, hata mbele ya jaji. Manung'uniko ya kibarazani si ushahidi. Na Katiba, kifungu cha 119, yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, awe mvuvi wa Gazi au mama muuza samaki Diani.

8/ Kwa hivyo akija mtu na ahadi ya madini, usimzomee wala usimpigie makofi. Muulize matatu tu. Mswada gani? Kaunti ilipeleka maoni lini, tuyaone? Kanuni zimefikia wapi?

9/ Titani imekwenda na meli. Lakini kilima cha Mrima bado kipo, na madini yake adimu yanamezewa mate na wengi. Karatasi za kilima hicho zikianza kuandikwa, tuwe mezani. Asiyekuwepo na lake halipo.