Tuutazame Mchezo Wote
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika tano, nami nitazitumia kuzungumza juu ya mpira wa miguu.

Mwanangu yuko Kidato cha Pili. Akiwa likizo hushinda na simu yangu akitazama chenga za Ronaldinho wa Brazili. Alizaliwa baada ya mchezaji huyo kuondoka Barcelona mwaka 2008, na ilipotangazwa Januari 2018 kwamba amestaafu, yeye alikuwa mtoto mdogo. Hata hivyo, kama mamilioni ya watu mtandaoni, anampenda kana kwamba alicheza jana.

Video aipendayo zaidi ni ya bao la Shizuoka, Japani, tarehe 21 Juni 2002, katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Mpira wa adhabu uliopigwa kutoka mbali ulimpita juu kipa wa Uingereza, David Seaman, ukatua wavuni. Hapo video hukoma.

Mimi niliutazama mchezo ule wote nikiwa Chuo Kikuu. Bao lilikuwa la dakika ya 50. Dakika ya 57 mfungaji huyo huyo alitolewa kwa kadi nyekundu. Brazili ilishinda 2–1, lakini yeye aliikosa nusu fainali. Mwanangu hakuwa na habari.

Sisemi kwamba sifa zake ni za bure. Tarehe 19 Novemba 2005 aliwafunga Real Madrid mabao mawili nyumbani kwao, na mashabiki wao wenyewe wakasimama kumpigia makofi. Lakini Machi 2020 alikamatwa Paragwai akiwa na pasipoti ya bandia ya nchi hiyo. Mwenyewe alisema hakujua kuwa ni ya bandia. Alikaa gerezani siku 32, akatimiza miaka 40 humo humo, kisha akazuiliwa hotelini hadi Agosti, alipoachiwa kwa kulipa dola 90,000.

Nawafikiria maofisa waliopaswa kumhoji mtu anayependwa na dunia nzima, kwani nami nimewahi kukaa kwenye meza kama ile. Alikuja kwangu mtu tuliyesoma naye hapa, kipenzi cha shule nzima. Sitasema ni nani wala ni mwaka gani. Cheti alicholeta kilikuwa kimefutwa na kuandikwa upya. Nilichukua muhuri, nikauweka chini, nikauchukua tena. Mwishowe nilikataa. Tangu siku hiyo hatusalimiani, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Hata hivyo, akija kesho na cheti kile kile, nitakataa tena.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Naongeza kwamba sisi wenye kusifu nasi tuna kosa, maana tunalinywa tu bila kuuliza.

Vijana, mpendeni Ronaldinho. Hata mimi nampenda. Lakini mtu unayempenda, awe mchezaji, rafiki au kiongozi, mtazame mchezo wake wote, pamoja na kadi nyekundu. Asiyeijua kadi hiyo hawezi kumwonya mwenziwe kabla hajaonyeshwa nyingine.

Ndugu Mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha.