Bingwa wa Njia ya Kwanza



Leo nataka tumkumbuke John Akii-Bua, mtoto wa Lango, kaskazini mwa Uganda. Alichunga ng'ombe wa baba yake, akaacha shule mapema, akafanya kazi ya baa, kisha akaingia polisi. Riadha siku zile haikuwa na mshahara.

Mwaka 1972, kule Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa. Wakimbiaji hawaipendi, maana kona zake ni kali. Yeye alikimbia hapo hapo alipowekwa. Akaruka viunzi kumi vya mita 400 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, akaipa Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Lakini sikilizeni, ndugu. Mwaka 1979, wakati wa vita, bingwa huyo huyo alivuka mpaka kuingia Kenya na familia yake, akakaa kambini kama mkimbizi. Ungepita pale, ungemjua? Medali haiandikwi usoni.

Baadaye alirudi nyumbani. Akafariki hapa Kampala mwaka 1997, na taifa likamzika kwa heshima.

Basi wewe unayesoma, uwe Nairobi, Goma ama Kigali: yule ndugu anayebeba matofali wiki nzima, na Jumapili anakuja mapema kupanga viti, umeshamwuliza ametoka wapi? Tusingoje jeneza ndipo tumsifu. Mkaribishe chai, umsikilize angali hai.